Mpakani Nako Hupigwa Hodi



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaonya vijana juu ya makosa yao. Mwezi huu yatupasa kusimulia kosa letu sisi tulio watu wazima, kwani lilimpata kijana asiye na hatia, na likampotezea jambo ambalo halirudi tena. Tumemwomba idhini kabla ya kuandika, naye amekubali, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Kijana huyo ni mpwa wetu, mtoto wa dada yetu. Baba yake ni mtu wa Msambweni, katika Kwale. Mama yake ni wa Tanga. Alizaliwa Msambweni, akalelewa na bibi yake mzaa baba hata alipotimia miaka tisa, kisha wazazi wake wakamchukua Leicester, Uingereza. Huko akakua, akasoma, akapata pasipoti ya nchi ile. Mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 24, alikuja Tanga kututazama, akakusudia kwenda Msambweni juma la pili kumwona bibi yake, ambaye alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu.

Usiku wa siku ya nne tangu afike, kabla ya adhana ya alfajiri, simu ililia. Bibi amefariki, maziko ni baada ya sala ya alasiri. Hazikupita dakika nyingi, baba yake akapiga simu kutoka Leicester. Hakukuwa na njia ya yeye kufika siku ile. Akamwambia mwanawe, nasi tukisikia: "Wewe ndiye mkono wangu. Shuka kaburini kwa niaba yangu, umpokee mama yangu."

Tukatayarisha safari. Kijana akauliza: "Mjomba, mimi nina pasipoti ya Uingereza. Je, sihitaji viza ya Kenya?" Nasi, wasomaji, tukamjibu kwa ujasiri wa mtu anayedhani ajua: "Mpaka ule ni wetu, mwanangu. Watu huvuka kwenda sokoni na kurudi. Ikibidi utalipa pale pale dirishani, watakupigia muhuri, tutapita." Maneno hayo yalikuwa na ukweli wake zamani. Tuliwahi kuwaona wageni wakinunua viza mpakani kwa mikono yetu wenyewe kuwaongoza. Lakini Kenya iliacha kutoa viza mpakani mwanzoni mwa mwaka 2021, ikawataka wageni waombe mbele kwa mtandao. Na tangu Januari 2024 imeondoa viza kabisa, na mahali pake ikaweka kibali cha safari cha kielektroniki, ambacho mgeni hukiomba kabla ya kuondoka kwake, hulipa dola 30 za Marekani, na huambiwa asubiri kiasi cha siku tatu. Sisi raia wa Afrika Mashariki hatudaiwi kibali hicho, na kwa sababu hatudaiwi hatukujishughulisha kujua kama mwingine anadaiwa. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, nalo ndilo lililozaa mengine yote.

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 hivi, na barabara ni ya lami. Tulifika mapema: sisi, mama wa nyumbani kwetu, na kijana. Yeye alikuwa amevaa kanzu, na mkobani amechukua vazi jingine la kushukia kaburini. Siku hizi mpaka ule una utaratibu wa kituo kimoja: aendaye Kenya humalizia yote upande wa Lunga Lunga, ambako afisa wa Tanzania humgongea muhuri wa kutoka, na hatua chache mbele afisa wa Kenya humgongea wa kuingia. Kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano zilitazamwa, mihuri ya kutoka ikapigwa, tukasogea mbele. Sisi wawili tukapita. Kijana akasimamishwa.

Afisa aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke wa makamo. Alimwuliza kibali chake cha safari, kijana akasema hana. Tukaingilia kati, tukaeleza habari ya msiba, tukatoa na fedha halali ya malipo tukidhani ndiyo itakayomaliza neno. Akatusikiliza mpaka mwisho, akatupa pole kama aipavyo mtu aliyewahi kufiwa, kisha akasema: "Mzee wangu, mimi sina dirisha la kuuza kibali hapa. Ingekuwa ni ndugu yangu mwenyewe, ningemwambia hivi hivi. Aombe sasa kwa simu, pengine Mungu atajaalia jibu lije upesi." Wala hakutukaripia, wala hakutuashiria rushwa. Twasema hivi kwa sababu wengi wakisimulia safari zao mbaya huanza kwa kumlaumu mtu wa dirishani. Sisi hatuna wa kumlaumu ila nafsi zetu.

Basi kijana akaketi benchini na simu yake, akaanza kujaza maombi. Picha ya uso, picha ya pasipoti, mahali atakapofikia, namna atakavyorudi. Mtandao ukikatika, aanze tena. Malipo yalipokubaliwa ilikuwa yakaribia saa sita mchana. Tangu hapo ikawa ni kungoja. Na hali yake wakati ule ilikuwa ya ajabu: Tanzania ilikwisha mtoa, na Kenya haijamwingiza. Alikuwa hana nchi chini ya miguu yake, naye Msambweni aliko mama aliyemlea ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari.

Hapo ndipo lilipotujia jaribu. Tulipotoka nje kutafuta maji, kijana mmoja mwenye pikipiki alitusogelea. Alikwisha pata habari yetu yote, hatujui kwa nani. Akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, kwa elfu tatu za Kenya nampitisha. Njia ya mashambani, si mbali. Tunatokea barabarani huko mbele, anapanda matatu, saa tisa yuko msibani. Kila siku tunapitisha watu." Twakiri mbele yenu, wasomaji, kwamba mkono wetu ulikwisha ingia mfukoni. Tulijiambia: hili si wizi, hakuna anayedhulumiwa, ni mtoto anakwenda kumzika bibi yake. Tukarudi ndani tukamnong'oneza mpwa wetu. Akasimama mara moja.

Aliyetuzuia ni mama wa nyumbani kwetu. Aliuliza swali moja tu: "Akikamatwa njiani, nani atakayekwenda kumtoa leo, na wenyewe wana maiti ndani?" Tukanyamaza. Sheria ya Kenya ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 yasema kwamba aingiaye nchini kinyume cha sheria aweza kutozwa faini hata shilingi laki tano, au kufungwa hata miaka mitatu, au vyote viwili. Naye kijana ana kazi na masomo Uingereza, na kila aombapo viza duniani ataulizwa kama amewahi kushitakiwa au kufukuzwa katika nchi yoyote. Kisha mama akamgeukia kijana, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, bibi yako alikufunza kupiga hodi. Usiingie nyumbani kwake kwa uani siku anayotoka."

Kijana akaketi chini akalia. Hatujapata kumwona akilia tangu alipokuwa mtoto.

Tuliamua hivi: mama aende na gari la abiria awahi maziko, nasi tubaki na mpwa wetu, kwani si haki aliyemponza amwache peke yake. Alasiri ikaingia, jibu la kibali halijaja. Saa kumi na nusu simu ikalia kutoka Msambweni: amezikwa, mjukuu mwingine ndiye aliyeshuka kaburini. Tukatawadha, tukasali mimi na yeye sala ya maiti aliye mbali, kwa takbiri nne, kama Bwana Mtume (s.a.w.) alivyomsalia Najashi, mfalme wa Habasha, hali ya kuwa yeye yuko Madina; na madhehebu yetu ya Shafi yairuhusu sala hiyo. Tulimkumbusha kijana kwamba maziko ni faradhi ya kutoshelezana: wakiitimiza baadhi, wengine hawana dhambi. Akajibu: "Najua, mjomba. Lakini baba alisema niwe mkono wake." Hatukuwa na jawabu.

Jua lilipokaribia kuchwa, afisa wa upande wetu akaufuta ule muhuri wa kutoka, tukarudi Tanga. Kibali kilikuja siku ya pili mchana. Siku ya tatu tukavuka kwa mlango, tukawahi hitima. Njiani polisi walisimamisha gari, wakapanda, wakataka karatasi za kila abiria mmoja mmoja. Walipofika kwa mpwa wetu, waliutazama muhuri wake kwa muda mrefu, wakamrudishia pasipoti yake, wakashuka. Yeye akatugeukia akatutazama, wala hakusema neno. Nasi tukatazama dirishani.

Sasa, wasomaji, yafaa tuseme ukweli pia juu ya mpaka wenyewe. Mstari ule haukuchorwa na wazee wetu. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuugawa mrima na bara yake: zikaanzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, mstari ukaenda mpaka ziwa Jipe, ukauzunguka mlima Kilimanjaro, ukaishia pwani ya mashariki ya ziwa Victoria. Wadigo na Wasegeju, ambao wana makaburi na mashamba pande zote mbili, hawakuulizwa neno. Kwa hiyo asemaye kwamba mpaka ule unaumiza hasemi uongo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imejaribu kuupunguza uchungu huo, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 imempa raia wa nchi moja haki ya kwenda katika nyingine bila viza. Lakini haki hiyo imefungwa na uraia. Mtoto wetu akibadili pasipoti, mlango ule ule aliopita jana akiwa ndani humgeuka.

Wako wasemao: ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu, ya nini basi kumwomba mwanadamu ruhusa ya kuikanyaga? Maneno haya tumeyasikia mara nyingi, na siku ile sisi wenyewe tulikuwa karibu kuyatumia. Lakini nyumba ya jirani nayo imejengwa juu ya ardhi ya Mwenyezi Mungu, na hata hivyo Surat An-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, yatukataza kuingia nyumba zisizo zetu pasipo kubisha na kuwasalimu wenyewe. Na tukiambiwa turudi, twaamrishwa turudi, na kwamba kurudi huko ndiko usafi kwetu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Musa Al-Ash'ari, mtu hubisha mara tatu, asiporuhusiwa hurejea. Aya haikusema kwamba mwenye nyumba atakuwa na sababu nzuri daima. Imemfunza aliye mlangoni adabu yake yeye.

Wala ulinzi wa mipaka si jambo lililozuliwa na Wazungu peke yao. Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita mwaka 1326 mahali paitwapo Qatya, katika mchanga wa njia ya kutoka Misri kwenda Sham. Anasimulia kwamba hakuna aliyeweza kupita huko ila kwa hati, kwa ajili ya kulinda mali za watu na kuwazuia majasusi. Jioni mabedui walinzi waliulainisha mchanga pasibaki alama ya mguu. Asubuhi liwali akaja kuutazama, na akiona nyayo, waliamriwa wamfuatie mwenye nyayo hizo mpaka wampate. Nchi zote mbili hizo zilikuwa za Waislamu chini ya dola moja. Basi njia za panya ni za kale, na wanaozifuatilia nao ni wa kale.

Tusieleweke vibaya. Mtu anayekimbia kuuawa au kuteswa si sawa na sisi tuliosahau kuomba kibali. Masahaba wa kwanza walikimbilia Habasha bila ya kungoja hati ya yeyote, na mkataba wa wakimbizi wa Geneva wa mwaka 1951, katika kifungu chake cha 31, wazikataza nchi kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa, maadamu ametoka moja kwa moja katika hatari na amejitokeza bila kukawia. Dharura ina hukumu yake. Lakini uzembe si dharura, hata ukivaa nguo za msiba.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotuuma kuliko yote. Siku ya hitima, wanawake walipofungua sanduku la marehemu ili kutoa vitu vyake, walikuta chini ya kanga bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mpwa wetu, kilichotolewa Kwale, pamoja na nakala ya kitambulisho cha baba yake. Bibi alivitunza miaka yote hiyo. Mzee mmoja mwenye kujua sheria akavisoma, akatuuliza: "Nani aliyewaambia kwamba mtoto huyu ni mgeni Kenya?" Akatueleza kwamba katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 14, yamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa kila mtu ambaye baba yake au mama yake alikuwa raia wa Kenya siku aliyozaliwa, na kifungu cha 16 chasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Mpwa wetu alipata uraia wa Uingereza mwaka 2015. Maana yake, siku ile alipokaa benchini akiomba aruhusiwe kuingia, alikuwa akiomba ruhusa ya kuingia nchini mwake mwenyewe, na ushahidi wa jambo hilo ulikuwa ndani ya sanduku la maiti aliyekuwa akimngojea. Kama sisi wazee wake tungalimshughulikia pasipoti yake ya pili miaka hii yote, asingalisimamishwa na mtu.

Kwa hiyo twawausia wenye nyumba, na kwanza tumejiusia nafsi zetu.

Kwanza, msimpe msafiri jawabu la kukumbuka. Kanuni hizi hubadilika mara kwa mara. Hata mwaka 2025 Kenya imewaondolea raia wa nchi nyingi za Afrika kibali tulichokitaja hapo juu. Ulizeni ubalozi au idara ya uhamiaji ya nchi mnayoiendea, kwa pasipoti ya yule anayesafiri, si kwa pasipoti zenu.

Pili, jamaa anayekuja kutoka nje, na ana wazee pande mbili za mpaka, na aombe vibali vya nchi zote mbili kabla hajapanda ndege. Mauti hayatoi muda wa siku tatu.

Tatu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vya ndoa na vitambulisho vya wazazi viwekwe mahali panapojulikana na watu zaidi ya mmoja, na nakala zake wapewe watoto wenyewe wakishabaleghe. Karatasi ni amana. Baadhi yake ni haki ya mtoto ambayo sisi tumeikalia pasi na kujua.

Nne, ninyi vijana: mkubwa wenu akiwaambia jambo la safari kwa ujasiri, muulizeni kwa adabu amelijuaje. Mpwa wetu aliuliza swali la haki, nasi tukalizima kwa sababu sisi ni wajomba. Kuheshimu mkubwa hakumzuii mdogo kuhakikisha.

Kabla ya kuondoka Msambweni tulikwenda naye makaburini. Alisimama upande wa kichwa, akatoa salamu kama anayepiga hodi, akasoma dua yake, kisha akampigia simu baba yake akamwambia kwamba amefika. Maombi ya pasipoti yake ya Kenya yalipelekwa mwaka ule ule, naye alitumia cheti kile kile alichotunziwa na bibi yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yule, alipe kaburi lake nuru, atusamehe sisi uzembe wetu, na awafikishe salama wasafiri wote makwao kwa milango iliyo wazi. Amin.

Wabillahi tawfiq.